Kisigino cha Shigela

Mwanaume akikaa peke yake muda mrefu huanza kuzungumza na sufuria. Shigela alikuwa amefika huko. Asubuhi aliiambia sufuria ya uji isifurike, mchana akaigombeza kwa kuunguza maharage, na hapakuwa na mtu wa kumcheka. Chumba alichopanga Katandala, mjini Sumbawanga, kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, ndoo ya maji na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mvua ya Machi ilikuwa inapiga bati tangu adhuhuri. Alikaa kitandani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya gunia la mahindi, umefungwa ndani ya buti kubwa la hospitali lenye mikanda, na alikuwa akiutazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejulikana ataondoka lini.

Mguu ule ulimtesa miaka. Shigela alikuwa Msukuma wa Msanzi. Baba yake alihamia huko Ufipa na ng'ombe kabla yeye hajazaliwa. Tangu ujana wake alitembea nyuma ya plau, kisigino kinazama kwenye mtaro, anakivuta, kinazama tena, mpaka ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, ambao madaktari wanauita kano, ukavimba na kuwa mgumu kama mzizi. Asubuhi akishuka kitandani alishika ukuta. Alimeza vidonge mpaka tumbo likakataa. Akachomwa sindano ya kutuliza maumivu kwenye zahanati moja, akatembea vizuri kwa muda, kisha maumivu yakarudi na ndugu zake.

Mwisho alikwenda Mbeya kwa daktari wa mifupa, mwanamke mmoja asiye na maneno mengi, anaitwa Dokta Zita.

"Sikudanganyi," Dokta Zita alimwambia. "Ile sindano ya kwanza ilinyamazisha maumivu tu. Hii yangu ni nyingine. Nachukua damu yako mwenyewe mkononi, naizungusha kwenye mashine mpaka ijitenge, halafu ile sehemu yenye kusaidia kidonda kufunga naichoma ndani ya kano. Siku za mwanzo utaumia kuliko sasa. Mwili unawasha moto pale ili ujenge upya. Ukimeza vile vidonge vyako vya diklofenaki, unaumwagia moto maji."

"Nitapona?"

"Wapo wanaopona. Wapo ambao haiwasaidii, na siwezi kukuambia leo wewe ni yupi. Ninachojua ni hiki: kano yako imeliwa nusu. Ukiibebesha kazi nzito kabla ya miezi mitatu, itakatika. Ikikatika sina sindano ya kuiunga. Hapo ni kisu, na nyuma ya plau usahau."

Alichomwa. Alirudi Sumbawanga kwa basi, peke yake, mguu ukiwaka moto kama alivyoahidiwa. Kaka yake Malimi alimdanganya kwa simu, akamwambia yuko mjini anatafuta vipuri vya plau.

"Hodi humu!"

Aliijua sauti. Moyo ulimruka kama kijana wa miaka kumi na minane, na yeye alikuwa amevuka arobaini.

"Karibu. Sukuma mlango, umevimba na mvua."

Jovina aliingia ameloa, kanga imemganda kichwani, viatu mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kifipa, mwenye macho ambayo hayakuwa na haraka. Yakitua juu yako, yametua. Alikuwa muuzaji wa duka la dawa pale pale Katandala, na ni dukani walikojuana, maana Shigela alikuwa akija kila Jumamosi kununua vidonge vya mguu. Mpaka Jumamosi moja Jovina akakirudisha kipakiti kwenye kabati.

"Leo sikuuzii," alimwambia.

"Kwa nini? Hela si hii?"

"Unakula diklofenaki kama karanga. Nenda hospitali kubwa, Msukuma wewe, kabla figo hazijakugomea."

Tangu siku hiyo Shigela alikuwa akija dukani bila kuumwa.

Sasa Jovina alisimama katikati ya chumba akichuruzika maji, akatazama jiko lililozimika, kikombe kimoja, sahani moja.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nimekula."

"Haya, baba wa ng'ombe." Alikaa ukingoni mwa kitanda, mbali na mguu. "Nimesema nyumbani naenda kwaya. Baba akijua niko hapa, kwaya nitaimbia kaburini."

"Kuna nini?"

"Kesho."

"Kesho nini?"

"Usijifanye hujui. Ntumba."

Shigela alijua. Mzee Fransisko wa Kasense, baba yake Jovina, hakutaka ng'ombe wa Shigela. Angetaka ng'ombe, mambo yangekwisha zamani. Mzee alitaka kumwona akilima kwa mkono. Mwisho wa masika, majani yakiwa marefu na ardhi bado laini, Wafipa huyafukia majani chini ya udongo, wakainua vichuguu vya duara vinavyoitwa ntumba, majani yakaoza humo mpaka msimu wa kupanda. Ni kazi ya mgongo na miguu. Unakita kisigino, unavuta jembe, unageuza bonge la udongo na mizizi yake. Mzee Fransisko alimlimia hivyo mkwewe, na baba yake alimlimia wake, siku nzima, mbele ya wanaume wa ukoo.

"Msukuma analimiwa na ng'ombe," Mzee alikuwa amesema mbele ya watu. "Yeye kazi yake kupiga mluzi nyuma. Binti yangu simpi mpiga mluzi."

"Nilidhani ataahirisha," Shigela alisema. "Felisian alisema atamwomba."

"Kaka yangu alimwomba. Baba akajibu mvua hazina adabu ya kumsubiri mtu, zikikatika ardhi inakuwa tofali." Jovina alikamua ncha ya kanga, maji yakadondoka sakafuni. "Halafu kuna Evans."

"Yule wa mashine ya kusaga?"

"Yule yule. Jumamosi iliyopita alikuja na jembe lake. Hakuitwa. Alilima mpaka jua linazama, akaaga, akaenda. Hata chakula hakuomba. Mama anamtaja mpaka kwenye sala ya chakula."

Evans alikuwa amefiwa na mke, mpole, mchapakazi. Angekuwa mlevi ingekuwa rahisi.

Jovina alifungua mkoba wake. Alitoa kipakiti cha karatasi ya rangi ya fedha, akakiweka juu ya blanketi, katikati yao. Shigela hakuhitaji kukisoma. Alikijua hata kwa mlio wake.

"Jovina. Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyeninyima?"

"Siku moja tu, Shigela. Unameza viwili asubuhi, viwili mchana. Unavua hilo dubwana, unavaa gambuti za Felisian. Unajikaza mpaka jioni. Jumapili baba anakuita mwanangu, mambo yamekwisha. Halafu unarudi Mbeya wakuchome tena."

"Dokta Zita alisema ikikatika..."

"Dokta Zita ana mume!" Sauti ilimpanda, akaishusha haraka kwa sababu ya jirani. "Dokta Zita ana mume, na watoto, na nyumba. Mimi nina miaka thelathini na nne na ninalala chumba kimoja na shangazi anayekoroma. Wenzangu niliosoma nao wanaozesha. Miaka miwili nimemwambia baba, subiri, huyu mtu ni mkweli. Subiri, anatibiwa. Nimechoka kuwa msemaji wako."

"Ikikatika sitalima tena. Si ntumba tu. Hata plau. Utaolewa na mtu wa kukaa kwenye kigoda."

"Nitaolewa na wewe."

"Mimi ndiyo huyo mtu wa kwenye kigoda."

"Kwa hiyo mguu ni bora kuliko mimi."

Mvua ilijaza chumba. Hapo ndipo mwanaume mwingine angemshika mkono. Angemwambia kwamba yeye anaogopa, kwamba asubuhi akiamka jambo la kwanza ni kusikiliza kisigino kama mtu anavyosikiliza kama mwizi bado yuko nje, kwamba alipochomwa ile sindano aliuma shati na kulitaja jina lake, Jovina, pale kitandani Mbeya, na nesi akauliza huyo Jovina yuko wapi. Yote hayo yalikuwa kooni. Shigela alitazama ukuta wa jirani.

"Sema basi kitu," Jovina alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote! Ulikwenda Mbeya hukuniambia, nikasikia kwa mwenye nyumba wako. Umerudi unachechemea na buti, hukuniambia. Unakaa humu na njaa, ukiulizwa unasema umekula. Mimi ni nani yako, Shigela? Mteja?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Ningependa kusumbuliwa." Alisimama, akajifunga kanga. Machoni mwake kulikuwa na maji, na hayakuwa ya mvua. "Kesho saa mbili watakuwa shambani. Ukija, njoo na jembe. Usipokuja nitajua, na sitakuja kukuuliza."

Alitoka. Mlango uliovimba haukufunga vizuri. Ulibaki umeachia ufa, na baridi ya Ufipa ikaingia kupitia hapo mpaka giza lilipoingia. Kwenye blanketi palibaki alama ya maji alipokaa. Shigela aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Palikuwa baridi. Hakukiondoa.

Asubuhi aliamka, akavitoa vidonge viwili kwenye karatasi yake. Alivishika kiganjani. Mguu ulikuwa unapiga kama ngoma ya mbali, na alijua kabisa kwamba baada ya nusu saa ungenyamaza, na kwamba siku nzima angeweza kusimama juu ya kano iliyooza bila kuisikia ikichanika. Alivipeleka mdomoni. Uchungu wake ulimgusa ulimi.

Akamfikiria Jovina akiwa mke wake. Akamwona anamletea maji ya kuoga kwenye kigoda, mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi, na kila akimwona anachechemea anakumbuka ni nani aliyevileta vile vidonge. Hatasema. Atabeba tu.

Alitema, akasukutua, akafunga mikanda ya buti, akatoka kutafuta bodaboda.

Shamba la Mzee Fransisko lilikuwa kwenye mteremko nje ya Kasense. Mvua ilikuwa imeacha. Nyanda za Ufipa zilikuwa wazi mpaka macho yanachoka, hakuna mti, majani tu yanayolala na kuinuka na upepo, na ukungu mwembamba kule zinakoanzia ngazi za bonde, miteremko mikali ya kushukia chini. Wanaume wanane hivi walikuwa wamesimama kwenye mstari, majembe begani. Evans alikuwa mmoja wao. Upande mmoja wa shamba ntumba alizolima zilikuwa zimekaa safi, nyeusi, kama vichwa vilivyonyolewa.

Felisian ndiye aliyemwona kwanza.

"Heee! Mwangalieni shemeji. Hilo buti ni la vita au la kwendea mwezini?"

Wakacheka. Shigela alipanda mteremko polepole. Umbali ule mdogo ulimtoa jasho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Mzee Fransisko alijibu. Alikuwa mfupi, mkavu, mikono mikubwa kuliko mwili. Alimtazama juu mpaka chini, macho yakabaki chini. "Jembe liko wapi?"

"Sikuja na jembe, baba."

"Umekuja na nini?"

"Na maneno. Nimeona niyalete kwa mdomo wangu, nisitume mtu. Mwaka huu siwezi kulima. Kano ya kisigino imeharibika. Nimechomwa sindano Mbeya, wametoa damu yangu wakaizungusha kwenye mashine, wakanichoma nayo hapa nyuma, na daktari amekataza jembe kwa miezi mitatu."

Mzee alikunja uso.

"Ngoja. Wamekutoa damu."

"Ndiyo."

"Wakaizungusha."

"Ndiyo, baba."

"Wakakurudishia wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Sasa wamekuuzia nini, kama damu ni yako?"

Wanaume wakacheka mpaka mmoja akaegemea jembe. Shigela mwenyewe nusura acheke. Evans peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anatoa udongo kwenye jembe lake kwa kijiti.

"Miezi mitatu ni kiangazi," Mzee alisema watu walipotulia. "Kiangazi ardhi hii ni tofali."

"Najua. Nitakuja mwakani."

"Mwakani utamkuta ana mtoto mgongoni." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya mnada. "Mimi sikuchukii, kijana. Umekuja umesema ukweli, wengine wangejificha. Lakini binti yangu si shamba la kulala mwaka mzima. Haya, watu, jua linapanda."

Majembe yalishuka. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwambia akae. Shigela aligeuka, na hapo akamwona Jovina kwenye njia, ndoo ya togwa kichwani, mama yake nyuma na vikombe. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama Shigela kwa yale macho yasiyo na haraka, kisha akampita. Akampita karibu kiasi kwamba upindo wa kanga yake uligusa buti, na hakusema hata habari za asubuhi.

Barabarani bodaboda alikuwa ameondoka. Shigela alipiga simu, akaambiwa asubiri, kuna abiria wa Katandala anashushwa kwanza. Akakaa kwenye ukingo wa kalavati. Nyuma yake alisikia majembe yakikita, kishindo kimoja kimoja, na wanaume wakiitana kwa Kifipa, lugha ambayo aliielewa nusu na haikuwahi kumwita. Msanzi wangemwuliza vipuri viko wapi. Katandala kulikuwa na ndoo na kitanda. Alijaribu kufikiria mahali pengine, hakupata.

Hatua zilimjia kutoka nyuma. Hakugeuka.

"Mama amesema mgeni haondoki bila kunywa," Jovina alisema. Alimpa kikombe cha togwa. Hakukaa.

"Mshukuru."

"Hukumeza."

"Sikumeza."

"Usiku mzima nilikuwa naomba usimeze. Kulipokucha nikaanza kuomba umeze." Alitazama barabara. "Sijui Mungu ananionaje."

"Evans ni mtu mzuri," Shigela alisema.

"Nimekuuliza habari za Evans?"

"Nasema tu. Sitaki kukufunga. Ukiamua, una haki, mimi sitakulaumu."

"Ona." Jovina alimgeukia sasa. "Ona unavyofanya. Unanifungulia mlango nitoke ili usionekane umeachwa. Shigela, kwa nini huniombi?"

"Nikuombe nini?"

"Nikusubiri! Baba amekwambia mbele ya watu nitakuwa na mtoto mgongoni, na wewe umegeuza mgongo ukaondoka. Hata ng'ombe akipotea unamtafuta. Mimi huniulizi hata nilikuwa nataka nini."

"Siwezi kukuomba mwaka mzima kwa ajili ya mguu ambao haujulikani kama utapona."

"Huwezi, au hujui?"

Alitaka kusema hawezi. Ndivyo alivyozoea kusema. Lakini alikuwa amechoka, na kisigino kilikuwa kinawaka, na Jovina alikuwa amesimama pale na ataondoka, na baada ya hapo hakutakuwa na mtu tena duniani wa kumwuliza swali kama lile.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kumwomba mtu kitu. Ninaona kama nikiomba nikanyimwa, nitakufa."

"Hufi. Mimi nimeomba kwako miaka miwili, mbona nipo?"

Shigela aliweka kikombe chini.

"Jovina."

"Mm."

"Nisubiri."

"Sema vizuri."

"Naomba unisubiri. Sijui kama nitapona, dokta mwenyewe hajui. Nikipona, mwakani nitazilima ntumba za baba yako mpaka aniombe niache. Nisipopona nitakuja hapa hapa, nimwambie tena kama leo. Lakini unisubiri, maana sina mtu mwingine, na simtaki mwingine. Naogopa kule chumbani. Njoo unione. Sijala tangu jana mchana."

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Alibaki anahema kama aliyepanda ngazi za bonde na mzigo.

Jovina aliinama akaokota kikombe. Kutoka shambani Mzee Fransisko aliita, "Jovina! Watu wana kiu!"

"Nakuja, baba!" Kisha, kwa sauti ndogo: "Nimesikia, Shigela."

Neno hilo halikuwa ndiyo. Shigela alilijua. Halikuwa hapana pia. Alimtazama akipanda njia, mgongo umenyooka, hageuki. Alimwona akimmiminia baba yake, kisha Felisian, kisha wengine mmoja mmoja. Alipofika kwa Evans alimpa kikombe kama alivyowapa wengine, akasimama pale, akamwambia kitu. Evans akavua kofia. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea huko, Shigela hakusikia hata neno moja.

Bodaboda ilikuja ikazima mbele yake, matope mpaka kwenye taa.

"Panda, mzee, tuwahi. Mvua inarudi."

Shigela alijiinua kwenye kalavati, akajaribu kuupitisha mguu wenye buti juu ya kiti, ukakwama. Alijaribu tena. Dereva alikuwa anatazama simu yake.

"Nipe mkono," Shigela alimwambia. "Peke yangu sipandi."